Kabla ya Gari: Njia za Miguu na Baiskeli katika Milima ya Gusii

Kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, ziko juu ya milima ambayo sehemu yake kubwa iko kati ya mita 1,400 na zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Udongo ni mwekundu: ukilowa huteleza kama umepakwa sabuni, ukikauka hugeuka vumbi. Mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, huanzia katika nyanda za juu za Nyamira, ukakusanya vijito kutoka kila bonde kabla ya kuteremka kwenda Ziwa Victoria. Upande wa kaskazini mashariki mto Sondu ndio mpaka wa kale na nchi ya Wakipsigis. Kati ya kijito na kijito unainuka mgongo wa kilima, na juu ya migongo hiyo ndipo watu wa Gusii walipokanyaga njia zao kwa vizazi vingi kabla gari la kwanza halijafika.

Kupita mgongoni kulikuwa na sababu. Mabonde mengi yalikuwa na matope na matete, na anayekata mabonde moja kwa moja hulazimika kupanda na kushuka mara kadha wa kadha kwa safari fupi tu. Anayefuata mgongo hutembea karibu bila kupoteza kimo, huku akiona mbali pande zote mbili. Miji ya watu ilijengwa juu, mashamba yakashuka vipande vipande kutoka mgongoni mpaka mtoni, na kila mji ukawa na kijia chake cha kwenda chemchemi. Mpangilio huo haujafutika. Barabara nyingi za leo za Kitutu, Bobasi na Mugirango bado zinapita juu ya migongo ileile, na vijia vya maji bado vinateremka kutoka humo kulia na kushoto.

Njia hizo zilikuwa za biashara na za vita pia. Wagusii walipeleka wimbi na nafaka nyingine kwa majirani zao Waluo, wakarudi na mifugo, ngozi na vyungu. Kutoka Tabaka, katika Mugirango Kusini, kulitoka jiwe laini ambalo sasa linajulikana ulimwenguni kote kwa vinyago vyake. Mbuzi na ng'ombe walipita njia hizohizo wakiuzwa, wakilipwa mahari, au wakiporwa. Wavamizi walitumia njia za wafanyabiashara, kwa hiyo miji mingi ilizungushiwa kuta za ulinzi, na genge la Manga, ambalo sasa liko kwenye mpaka wa kaunti hizi mbili, likawa kimbilio la watu wa Kitutu. Aliyesimama juu ya Manga siku isiyo na ukungu aliuona uwanda wote wa magharibi ukiteremka kuelekea ziwani, na hakuna kundi lililoweza kupanda bila kuonekana. Vijana waliokaa katika kambi za ng'ombe, mbali na nyumba za wazee wao, ndio waliozijua njia za mipakani kuliko mtu yeyote, kwa sababu kulinda mifugo ilikuwa kazi yao.

Waingereza walizikuta njia hizo na wakazitumia kuwatawala waliozifanya. Kikosi cha kwanza cha kuwaadhibu Wagusii kilitumwa mwaka 1905. Mwaka 1907 kituo cha utawala kikaanzishwa mahali ambapo wenyeji walipaita Getembe, ndipo penye mji wa Kisii wa leo. Mwezi Januari 1908 ofisa wa kituo hicho, G. A. S. Northcote, alichomwa mkuki na Otenyo Nyamaterere, kijana wa Kitutu ambaye masimulizi ya Gusii yanamuunganisha na Moraa, nabii wa kike aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Wagusii hawakupona kwa urahisi hivyo. Kikosi kilichokuja kulipiza kisasi kilichoma nyumba, kikachukua maelfu ya ng'ombe na kuua watu wengi kiasi kwamba hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri katika wizara ya makoloni mjini London, aliandika kulalamikia mauaji hayo.

Baada ya bunduki zikaja barabara. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyowapa machifu mamlaka ya kuwaita watu kwenye kazi za jumuiya bila malipo, na kazi iliyoitishwa zaidi ilikuwa kulima barabara. Katika miaka hiyohiyo kambi za ng'ombe zilipigwa marufuku, na vijana waliokuwa wakilinda mipaka wakarudishwa miji ya baba zao, wakawa nguvu kazi iliyo karibu na mkono wa chifu. Walichimba kwa majembe ya mkono, wakabeba mawe vichwani, wakachonga kingo za milima ili mkokoteni wa maksai uweze kupita. Barabara za kwanza zilikusudiwa kuunganisha Kisii na ghuba za ziwa kama Kendu na Homa Bay, kwa sababu reli iliishia Kisumu, ilikofika mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo iliendelea kwa meli. Kutoka ziwani kupanda Kisii, sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa ya mabegani mwa watu.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilionyesha jinsi njia hizo zilivyokuwa na thamani. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyokuja kuitwa Tanganyika, na kuingia Kisii bila kupingwa. Waingereza walileta askari kutoka upande wa ziwa, na tarehe 12 Septemba pande hizo mbili zilipigana nje ya mji. Wajerumani waliondoka. Wenyeji waliokuwa wamechukua mali katika ofisi na maduka yaliyoachwa walitozwa faini ya ng'ombe, kisha vijana wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Wapagazi wa Gusii, sawa na wenzao wa mkoa wote wa Nyanza, walitembea na mizigo mpaka ndani ya Tanganyika, na wengi hawakurudi.

Baiskeli iliingia Gusii katika dunia hiyo ya miguu na mizigo. Chombo chenyewe hakikuwa na umri mrefu. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, inayosukumwa kwa mnyororo, ilitengenezwa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885, na miaka 3 baadaye John Dunlop akatoa tairi la kujazwa hewa. Kwa barabara za Ulaya tairi la hewa lilikuwa starehe. Kwa njia za udongo za Afrika Mashariki lilikuwa sharti, kwani gurudumu la chuma au mpira mgumu lingezama matopeni na kumvunja mwendeshaji mgongo juu ya mawe. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa wameshafika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafuata Nyanchwa muda mfupi baadaye. Shule za misheni ndizo zilizozaa tabaka la kwanza la watu waliohitaji kwenda mbali mara kwa mara na waliokuwa na mshahara: walimu, wainjilisti, makarani wa mahakama na watumishi wa hospitali. Katika Nyanza ya kati ya vita viwili vya dunia, baiskeli ilikuwa alama ya watu hao. Mwalimu aliyesimamia shule kadhaa za vijijini aliweza kuzizungukia bila kulala njiani. Karani alifikisha barua ya mkuu wa wilaya kwa chifu siku hiyohiyo.

Fedha ya kununulia baiskeli ilitoka pia nje ya Gusii. Tangu katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zilipanda mashamba Kericho, na Wagusii wengi walikwenda kuchuma huko. Wengine walifanya kazi katika mashamba ya walowezi wa Sotik. Mtu alikwenda kwa miguu, akakaa msimu au miaka, akarudi na blanketi, na mwenye kubana matumizi alirudi na baiskeli. Safari ya kurudi ndiyo iliyokuwa mtihani. Baiskeli zilizouzwa katika maduka ya Wahindi zilikuwa za chuma kizito, nyingi zikiwa Raleigh za Uingereza, na baadaye Hero za India na Phoenix za China. Zilikuwa na gia moja tu, na breki za vijiti vya chuma vilivyobana ukingo wa gurudumu. Kwenye uwanda wa Kano mwendeshaji alikaa juu ya tandiko mwendo wote. Kwenye milima ya Gusii alishuka na kusukuma kila palipopanda, na palipoteremka sana alishuka tena, kwa sababu breki za vijiti zikilowa hazikamati.

Hapa ndipo historia ya baiskeli ya Gusii inapoachana na ya sehemu nyingine za magharibi mwa Kenya. Kisumu na Busia zilipata baiskeli za kubeba abiria, zile zilizoanza mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 na kuzaa jina la boda boda. Kisii haikuufuata mkondo huo kwa kiwango hicho. Abiria hapendi kulipa nauli kisha ashushwe kila mlima. Katika Gusii baiskeli ilikuwa zaidi ya yote mnyama wa mizigo, na wimbi la mizigo hiyo lililetwa na kahawa.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyima Waafrika ruhusa ya kulima kahawa ili kuwalinda walowezi. Katika miaka ya 1930 ilianza kulegeza, na Gusii ilikuwa moja ya sehemu chache za mwanzo kuruhusiwa, pamoja na Meru na Embu. Machifu walitangulia, akiwemo Musa Nyandusi wa Nyaribari. Mwanzoni wakulima wengi walisita, wakihofia kwamba ardhi yenye kahawa ingechukuliwa na Wazungu, hofu ambayo historia ya Kenya haikuwapa sababu ya kuipuuza. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia kahawa ilienea haraka, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenya kahawa karibu na vijito. Pareto ilifuata katika sehemu za juu zenye baridi. Ua la pareto lililokaushwa ni jepesi na linakaa, kwa hiyo gunia lake juu ya keria ya baiskeli lilikuwa mzigo mzuri kuliko mingine yote. Kahawa ilikuwa kinyume. Matunda mabichi ni mazito, yanachuruzika maji, na lazima yamenywe siku hiyohiyo yanapochumwa.

Chai, iliyoanza kupandwa na wakulima wadogo wa Gusii mwishoni mwa miaka ya 1950, ilizidisha haraka hiyo. Majani mabichi yakirundikwa hupata joto na kuharibika. Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, KTDA, iliyoundwa mwaka 1964, ilijenga utaratibu wote juu ya ukweli huo: mkulima anapeleka majani kwenye kituo cha kununulia kilicho karibu, yanapimwa, kisha lori linayachukua kwenda kiwandani. Lori linahitaji barabara inayopitika hata mvua inaponyesha. Katika miaka ya 1960 Benki ya Dunia ilikopesha fedha kwa barabara za maeneo ya chai, na milima ya Nyamira na Kisii ikaanza kupata barabara za moramu ambazo hazikuwa za kumfikia chifu wala mahakama. Zilikuwa za kulifikia jani. Ramani ya viwanda vya Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Gianchore upande wa Nyamira, na Nyamache, Kiamokama, Ogembo na Itumbe upande wa Kisii, ni ramani ya barabara za moramu pia.

Moramu ni changarawe nyekundu yenye udongo mfinyanzi kidogo, inayochimbwa kwenye machimbo ya karibu na kusambazwa juu ya udongo ulioinuliwa katikati ili maji yateremkie kwenye mitaro ya kando. Ikishindiliwa vizuri hushikana kama saruji dhaifu. Ikiachwa bila kutunzwa, mvua huosha udongo na kubakiza mawe matupu, na magurudumu ya malori huchora mawimbi. Mwaka 1974 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uliotumia mikono ya watu badala ya mashine kubwa. Wafadhili kadhaa walichangia, Shirika la Kazi Duniani likatoa ushauri wa kitaalamu, na wilaya zenye watu wengi kama Kisii zikaingizwa. Wanavijiji waliajiriwa kwa ujira wa siku, wakafanya kazi kwa jembe, sururu, sepetu na toroli. Karibu kilomita 8,000 zilijengwa nchini kote mpaka katikati ya miaka ya 1980, zikafuatwa na mpango mwingine wa kutunza barabara ndogo. Wajukuu wa watu waliolimishwa barabara na machifu bila senti sasa walilipwa kwa kazi ileile katika migongo ileile. Katika historia nzima ya uchukuzi ya Gusii ni vigumu kupata badiliko lililo la haki kuliko hilo.

Miaka hiyo, ya 1970 na 1980, ndiyo iliyokuwa enzi ya baiskeli. Barabara za moramu zilikuwa zimefika karibu kila kata, na magari yalikuwa bado machache. Lori la chai lilipita mara moja kwa siku, matatu mara mbili tatu, na saa zilizobaki barabara ilikuwa ya watembea kwa miguu, ng'ombe na baiskeli. Kenya nzima iliiita baiskeli nzito ya chuma Black Mamba, na katika kila soko dogo, kuanzia Keumbu na Ogembo mpaka Ikonge na Ekerenyo, ilikuwa kawaida kumkuta fundi chini ya mti au chini ya baraza la duka akiwa na pampu, beseni la maji la kutafutia tundu la tyubu, kipande cha tyubu kuukuu cha kukatia viraka, na gundi ya solusheni.

Mzigo ulioipa baiskeli ya Gusii sura yake ni ndizi. Mikungu ya ndizi mbichi za kupika hupelekwa kwenye masoko kama Daraja Mbili mjini Kisii, na kutoka hapo huenda kwa malori Nairobi, Nakuru na Kisumu. Mpakizaji huanza na keria. Mbao mbili hufungwa kando yake ili kuipanua, kisha mikungu miwili huning'inizwa ubavuni, mmoja kila upande, mikia ikitazama juu. Wa tatu na wa nne hulazwa juu ya keria, na mara nyingine mmoja huingizwa ndani ya pembetatu ya fremu, mahali ambapo magoti yangekuwa. Kila kitu hubanwa kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka kwenye tyubu za magari, kwa kuwa kamba ya katani hulegea majani yanaponywea lakini mpira hujibana wenyewe. Mzigo ukishafungwa hivyo hakuna mahali pa kukaa. Mwenye baiskeli hutembea kushoto, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo iliyofungwa wima nyuma ya tandiko, na kwa fimbo hiyo husukuma mlimani na kuzuia mteremkoni. Kwenye miteremko mikali huwa na mwenzake nyuma anayevuta kamba iliyofungwa kwenye keria. Baiskeli hapo ni toroli refu lenye magurudumu mawili, na hakuna chombo kingine ambacho kingepita kwenye kijia chenye upana wa hatua moja kikiwa na mzigo wa namna hiyo.

Wanawake walibaki pembeni mwa enzi hiyo. Wao ndio waliochuma chai na kubeba kuni, maji na mahindi ya kusaga, lakini baiskeli ilikuwa mali ya mwanamume na haikuzoeleka mwanamke kuipanda. Mzigo wa mwanamume ulihamia kwenye gurudumu. Wa mwanamke ulibaki kichwani na mgongoni kwa miongo mingine kadhaa, na hasara hiyo haijaandikwa vya kutosha.

Wakati barabara zilipokuwa zikiongezeka, misitu ilikuwa ikipungua. Milima ya Gusii ilikuwa na misitu minene ya nyanda za juu, ambayo ilikatwa kidogo kidogo kwa ajili ya mashamba kwa karne kadhaa, na kwa kasi zaidi katika karne ya 20. Upimaji na usajili wa ardhi wa baada ya uhuru uligawa karibu kila kipande kwa mwenye nacho. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira, na kila kilomita moja ya mraba ya Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900. Miti haikosekani. Mikaratusi imejaa kando ya vijito na kuzunguka viwanda vya chai, vinavyotumia kuni kukaushia majani, na kila shamba lina ukingo wake wa miti. Misitu ya umma, ambayo mtu anaweza kuingia na kupita bila kukanyaga shamba la jirani, imebaki vilimani tu kama visiwa: Nyangweta katika Mugirango Kusini, Ritumbe, na mabaki ya miti kwenye magenge ya Manga. Misitu mikubwa iliyo karibu, ya Mau Kusini Magharibi na ya Transmara, iko nje ya Gusii. Borabu peke yake ina sura tofauti, kwa sababu ilikuwa sehemu ya ardhi ya walowezi na ikagawanywa baada ya uhuru kwa mashamba makubwa kidogo. Barabara zake zimenyooka na ni pana, na miti ya mipakani ni mirefu.

Enzi ya baiskeli ilivunjwa na pikipiki. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 250, na mashine za bei nafuu kutoka China na India zikamiminika. Mlima uliokuwa adui wa boda boda ya baiskeli haukuwa kitu kwa injini. Katika miaka michache tu vijana wa Kisii na Nyamira waliacha kusukuma wakaanza kuendesha, na mama mjamzito aliyekuwa akibebwa kwa machela alifikishwa hospitali usiku. Faida hiyo ni kubwa na haifai kubezwa. Ila njia nazo ziligeuka. Vijia vya maji vilipanuliwa na magurudumu ya pikipiki, na baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, matingatinga yakafungua vijia vingi kuwa barabara. Palipokuwa pa miguu na ng'ombe pakawa na mlio wa injini kutoka alfajiri mpaka usiku, na watoto wa shule wakajifunza kutembea pembeni.

Wakati huohuo, mahali pengine, watu walikuwa wakiitafuta hali ambayo Gusii ilikuwa ikiipoteza. Mbio za baiskeli kwenye barabara za changarawe zilishika kasi Marekani mwanzoni mwa karne hii. Mashindano ya Kansas ambayo sasa yanaitwa Unbound yalianza mwaka 2006, na mwaka 2022 chama cha baiskeli duniani kilifanya ubingwa wake wa kwanza wa changarawe nchini Italia. Baiskeli zake zina usukani uliopinda wa baiskeli za mbio lakini matairi mapana, na lengo la wengi wanaozipanda ni kuepuka magari. Kenya iliingia mapema. Juni 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yalifanyika katika nchi ya Maasai Mara, takriban kilomita 650 kwa siku 4, juu ya njia za aina ileile ya moramu na si mbali na mpaka wa kusini wa Gusii. Mmoja wa walioyajenga, Mkenya Suleiman Kangangi, aliyeanza kama boda boda wa baiskeli, alifariki Agosti 2022 kwa ajali katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani.

Kuhusu njia za msituni zisizo na magari, mfano kamili zaidi wa Kenya ni msitu wa Karura jijini Nairobi. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932 na una zaidi ya hekta 1,000. Ulinusurika kugawanywa kwa wajenzi kutokana na mapambano ya miaka ya 1998 na 1999 yaliyoongozwa na Wangari Maathai. Tangu uzio wake ukamilike na jamii za jirani kushirikishwa pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, magari ya wageni huachwa langoni, na ndani hupita waenda kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, iliyoanzishwa mwaka 1984, huruhusu baiskeli pia, ingawa magari nayo huingia. Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2016, zilifungua mlango kwa vyama vya jamii kushiriki katika kusimamia misitu ya mahali pao.

Gusii haina Karura yake, lakini ina kitu ambacho Karura ilibidi ikitengeneze upya. Njia za Nyangweta, za magenge ya Manga na za kati ya mashamba ya chai ya Nyamira hazikuchorwa kwa ajili ya burudani. Zilikanyagwa na wafanyabiashara wa wimbi, zikapitwa na wapagazi, zikabeba pareto na ndizi, na nyingi bado ni nyembamba mno kwa gari. Chini ya Katiba ya mwaka 2010 barabara za ndani ziko mikononi mwa serikali za kaunti, pamoja na utekelezaji wa sera za misitu. Njia isiyo kwenye ramani ya ardhi huzibwa kwa uzio wa mwenye shamba au hufunguliwa kwa tingatinga, na katika hali zote mbili hupotea. Kisii na Nyamira zinapaswa kuzipima njia hizo na kuzisajili kuwa njia za umma za miguu na baiskeli, zikianzia na zile zinazopita katika misitu iliyobaki vilimani.